Kabla Hujauza Vyuma Kuukuu kwa Kilo

Ndugu msomaji, kabla hujamwita mnunuzi wa vyuma kuukuu, hebu kwanza chungulia uvunguni. Katika nyumba nyingi za Mji wa Kale hapa Mombasa, kuanzia Kibokoni hadi Ndia Kuu, uvunguni ndiko kuliko na mambo: pasi ya makaa, chetezo, mrashi uliopotewa na kifuniko, pishi ya kupimia nafaka, mbuzi ya nazi iliyong'oka chuma, tezo ya babu. Vitu hivi hutolewa siku ya kupaka chokaa au siku ya kugawa urithi, na jioni hiyo hiyo huwa vimeshapakiwa mkokoteni. Tezo iliyochonga mbavu za majahazi hupimwa kwenye mizani pamoja na bati bovu.

Tuko wachache mjini tunaokusanya vitu vya aina hii kwa mapenzi tu. Watu hutucheka, ati tunafuga kutu. Wacha wacheke. Lakini kazi hii ina utaratibu wake, na ikifanywa ovyo huharibu zaidi ya huyo mwenye mkokoteni. Sisi wenyewe tumeshaharibu.

Tulipoanza tulinunua keekee. Kwa vijana wasioijua, keekee ni kifaa cha kutobolea mbao. Fundi huizungusha kwa upinde wenye kamba, mkono ukienda na kurudi. Mafundi wa majahazi walitoboa ubao kwanza kwa keekee ndipo wakapiga msumari, kwa sababu msumari ukipigwa kavu kavu ubao hupasuka. Keekee yetu ilikuwa chafu, nyeusi kwa mafuta na jasho. Tukaipiga msasa, tukaipaka vanishi, ikang'aa kama mpya. Tukampelekea mzee mmoja aliyekuwa fundi, tukitaraji sifa. Akaigeuza geuza, kisha akauliza, "Wanangu, hapa kwenye mpini palikuwa na alama. Iko wapi?"

Alama tulikuwa tumeifuta kwa msasa. Mzee akatueleza kwamba mafundi walitia alama vyombo vyao visichanganyike kazini, naye alama za wenzake alikuwa bado anazikumbuka. Pengine angetutajia mwenyewe na majahazi aliyoyaunda. Sasa tunayo keekee nzuri isiyo na mwenyewe.

Tangu siku hiyo jambo la kwanza kwetu ni daftari. Kila kitu hupewa nambari, na nambari huandikwa kwenye kikaratasi kinachofungwa kwa uzi, si kwa gundi wala msumari. Katika daftari tunaandika jina la kitu kama linavyotamkwa na mwenyewe, hata kama kamusi inasema vingine. Tunaandika kilifanya kazi gani, kimetoka nyumba gani, nani alikitumia, nani alikitoa na kwa bei gani. Na picha tunapiga. Si lazima kamera kubwa, ya simu yatosha.

Mtu atasema hayo ni makaratasi tu. Basi na asikie habari ya vigango. Vigango ni nguzo za mbao zilizochongwa ambazo ndugu zetu Wamijikenda huwasimamishia wazee wao waliokufa. Mwaka 1985 mtafiti Mmarekani, Monica Udvardy, alimpiga picha mzee wa Kigiriama, Kalume Mwakiru, akiwa na vigango viwili alivyowasimamishia ndugu zake. Muda mfupi baadaye vigango hivyo viliibwa. Baada ya miaka mingi Udvardy aliviona huko Marekani. Kimoja kilikuwa katika makumbusho ya jimbo la Illinois na cha pili katika Chuo Kikuu cha Hampton. Vilirudishwa kwa familia mwaka 2007, mzee mwenyewe akiwa ameshafariki. Kilichothibitisha ni ile picha na jina lililofuatana nayo. Vigango vingi vilivyosafirishwa ng'ambo havina picha wala jina, na hata makumbusho ikitaka kuvirudisha haijui ibishe hodi boma lipi.

Kwa hiyo nasi wakusanyaji tujichunge. Kijana akikuletea kitu naye hawezi kusema kimetoka kwa nani, usinunue, hata kiwe kizuri vipi. Na mama mjane akikuuzia kasha la njumu kwa bei ya debe la unga kwa kuwa ana shida ya karo, mwambie bei yake ya kweli kwanza. Kama huna pesa hizo, mwache akae na kasha lake.

Sheria nayo ipo. Kwa Sheria ya Makumbusho na Urithi ya mwaka 2006, kitu cha mkononi kilichotengenezwa au kuingizwa Kenya kabla ya 1895 ni cha kale kisheria. Milango na miimo iliyochongwa kabla ya 1946 pia inalindwa. Huwezi kuvifanyia biashara bila leseni, wala kuvitoa nchini bila kibali. Kwa mfano, zile pesa ndogo za shaba za mwaka 1888 zenye picha ya mizani na jina la Mombasa, za Kampuni ya Uingereza ya Afrika Mashariki, wengi wanazo kwenye kopo la vifungo bila kujua. Na ukichimba msingi au choo ukakuta kitu cha kale, toa habari kwa Makumbusho ya Kitaifa ndani ya siku 7. Kwetu ofisi zao ziko Fort Jesus.

Kuhusu kutunza, adui yetu kisiwani ni chumvi na unyevu. Kuta za matumbawe hunyonya maji, kwa hiyo usiegemeze mbao ukutani wala usiziweke sakafuni. Ziinue kwa vipande vya mbao, hewa ipite. Unga unga mpya ukionekana chini ya kasha, dumuzi wamo. Litenge na vingine siku hiyo hiyo. Chuma kisuguliwe kwa brashi kavu, kisha kipakwe mafuta ya cherehani kidogo sana. Mafuta ya nazi huvunda na kuvuta vumbi. Shaba usiisugue kwa ndimu na mchanga kila sikukuu, kwani nakshi huliwa. Kitambaa laini na maji ya sabuni kidogo vyatosha, kisha ikaushwe vizuri. Na vanishi, tafadhali, hapana.

Kwa majina na matumizi, waulize wazee mapema. Nenda na kifaa chenyewe, usiende na picha, ukampe mzee akishike. Mkono wake ukishakizoea tena, maneno hutoka yenyewe, nawe uwe umeshafungua daftari.