Kurunzi ya funguo: Ndogo kwa umbo, kubwa kwa manufaa

CHEBUNYO, katika Kaunti ya Bomet, iko karibu na Ikweta, na giza huko huingia upesi. Takriban nusu saa baada ya jua kutua, anayerejea kutoka sokoni haoni tena anapokanyaga.

Hatari mojawapo njiani ni bafe. Nyoka huyu hakimbii mtu anapokaribia. Hutulia tuli, akitegemea rangi yake imfiche. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani (WHO) huhimiza wanaotembea usiku wavae viatu na kubeba tochi.

Simu ina mwanga pia, lakini chaji yake yafaa iwekwe akiba ya kuomba msaada. Kurunzi ndogo iliyofungwa pamoja na funguo za nyumba haisahauliki, na taa yake ya LED hutumia umeme kidogo mno.

Hata hivyo, betri yake, iliyo mviringo kama kifungo cha shati, si ya kuchezewa. Mtoto akiimeza nayo ikakwama, yaweza kumuunguza umio kwa muda wa saa mbili tu. Chagua kurunzi ambayo kifuniko chake kimekazwa kwa skrubu. Mtoto akimeza betri, usimtapishe. Mkimbize hospitalini mara moja.