Herufi Moja ya Jeni: Ufundishaji wa Selimundu na Suala la Istilahi

Ufundishaji wa maradhi ya kurithi kwa msaada wa bayoinformatiki, yaani utaalamu wa kuchanganua habari za viumbe kwa kompyuta, hudhaniwa kuwa shughuli ya walimu wa biolojia peke yao. Hata hivyo, kazi yenyewe ni ya kusoma maandishi, na vikwazo vyake vingi ni vya lugha. Ugonjwa wa selimundu unatosha kulidhihirisha jambo hili.

Jeni ya mnyororo wa beta wa himoglobini imo katika kromosomu ya 11. Sehemu yake inayofasiriwa kuwa protini ina herufi 444, nazo husomwa tatu tatu. Katika selimundu herufi ya 20 imebadilika: A imekuwa T, na GAG ikawa GTG. Matokeo yake ni kwamba valini hushika mahali pa asidi ya glutamiki, kama alivyoonyesha Vernon Ingram katika miaka ya 1956 na 1957.

Mwanafunzi hupewa mfuatano wa kawaida na ule uliobadilika, akaiingiza katika BLAST, programu iliyotolewa mwaka 1990, ambayo huipanga sambamba. Tofauti huonekana mara moja. Utata huja baadaye. Vitabu vingi husema badiliko liko katika nafasi ya 6, ilhali hesabu ya mwanafunzi humpa 7. Zote mbili ni sahihi. Asidi-amino ya kwanza, methionini, huondolewa protini inapoundwa, na wataalamu wa awali walihesabu protini iliyokamilika, si jeni. Mwalimu asiyelieleza hili humfanya mwanafunzi ayashuku macho yake mwenyewe.

Utata mkubwa zaidi umo katika neno. Badiliko la jeni aghalabu huitwa "kosa" au "dosari", kana kwamba mnakili ameteleza kalamu. (Wachunguzi wa miswada ya tenzi wanafahamu vyema kwamba si kila tofauti baina ya nakala mbili ni kosa.) Mwaka 1954 A. C. Allison alichapisha uchunguzi uliofanywa Afrika Mashariki, ulioonyesha kwamba mtu mwenye nakala moja ya jeni hiyo hupata kinga ya kiasi dhidi ya malaria. Mtu huyo kwa kawaida si mgonjwa. Wazazi wawili wa namna hiyo ndio ambao, kwa kila mimba, wana uwezekano wa moja kwa nne wa kupata mtoto mwenye nakala mbili, ambaye ataugua. Mwanafunzi mwenye nakala moja akiambiwa darasani kuwa ana "dosari", huenda akatoka akijihesabu mgonjwa. "Badiliko" halihukumu.

Neno "mbebaji" nalo lina ila yake, kwa kuwa hutumika pia kwa mtu anayeeneza vijidudu, na selimundu haiambukizi. "Mwenye nakala moja" ni refu kidogo, lakini husema kile kilichomo katika jeni, basi.