Mzee Amerukwa na Akili, au Hasikii?

Majuzi binti mmoja wa hapa Kiembeni alimleta babake kwangu. Mzee huyo alifanya kazi bandarini Kilindini miaka mingi, penye kelele za mitambo. "Daktari, baba amerukwa na akili," binti akasema. "Ukimuuliza hili, ajibu lile. Barazani haendi tena, na juzi ameanguka akienda msalani."

Nilimwamkia mzee, hakuitikia. Nilipomkaribia na kusema polepole, alinitajia siku, mwezi, hata majina ya wajukuu wote. Akili alikuwa nazo. Masikio ndiyo yaliyochoka.

Wengi wetu husema, "Ni uzee tu." Hilo ni kosa. Asiyesikia vizuri huutumikisha ubongo kupita kiasi kwa kukisia maneno. Kisha huona haya, akajitenga na watu, na ubongo ukakosa mazoezi. Mwaka 2024 wataalamu wa jarida la tiba la Lancet waliutaja uziwi miongoni mwa mambo 14 yanayoongeza hatari ya maradhi ya kusahau, na ambayo yaweza kupunguzwa. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2023 ulionyesha kuwa vifaa vya kusikilizia havikuwasaidia wazee wote. Lakini kwa waliokuwa katika hatari zaidi, vilipunguza kasi ya kudhoofika kwa akili kwa karibu nusu katika miaka 3.

Na kule kuanguka? Ndani ya sikio mna mifereji mitatu yenye majimaji, inayoujulisha ubongo jinsi kichwa kinavyogeuka. Ikipata hitilafu, mzee hushikwa na kizunguzungu, akaogopa kutembea. Kukaa kitako kutwa nako hudhuru moyo na ubongo. Hata hivyo, kizunguzungu chaweza kuletwa na presha, sukari au dawa.

Basi msomaji, ufanyeje?

- Mpeleke mzee akapimwe masikio. Pengine ni nta iliyoganda tu, nayo huoshwa. Usitie njiti ya kiberiti.
- Zungumza naye uso kwa uso, redio ikiwa imezimwa.
- Uziwi wa ghafla, au kizunguzungu pamoja na ulimi mzito ama kulemaa upande mmoja, ni dharura. Mkimbize hospitali mara moja.

Mzee wetu alitolewa nta, kisha akapata kifaa. Binti aliinamisha kichwa: miezi yote hiyo walikuwa wakimsema mbele yake. Siku hizi mzee yuko barazani, na kwenye bao hafungwi ovyo.