Wahouthi wako Yemen, nauli ya kontena la Kariakoo inapandaje?
Mzigo mwingi wa Kariakoo unatoka China, unakatiza Bahari ya Hindi moja kwa moja hadi Bandari ya Dar. Bahari ya Shamu haupiti kabisa. Sasa makombora ya Wahouthi yanahusikaje na bei ya viatu Mtaa wa Kongo?

Walipoanza kushambulia meli Novemba 2023, kampuni kubwa zilikacha Mfereji wa Suez. Meli za China kwenda Ulaya zikawa zinazunguka Afrika Kusini, siku 10 hivi zaidi. Meli na makontena vikakwama safarini, vikaadimika, nauli ikapanda hata njia zisizo na vita.

Anayeumia zaidi ni yule anayechangia kontena na wenzake. Hana mkataba na kampuni ya meli. Analipa kwa CBM, bei ya siku hiyo.