Kwa Nini Daktari wa Mifugo Ampime Kobe wa Ziwa Turkana

Wanafunzi wa udaktari wa mifugo wanapotoka vyuoni wakati wa likizo ndefu, wafugaji wamezoea kuwaona kwenye josho, machinjioni na katika kampeni za chanjo. Hata hivyo, mafunzo yao hayaishii kwa ng'ombe, mbuzi na ngamia. Wapo wanaoitumia likizo hiyo kuchunguza afya ya wanyamapori, wakiwemo kobe wa majini. Zaidi ya nusu ya spishi za kobe na kasa duniani zimo katika hatari ya kutoweka.

Kaunti ya Marsabit ina sababu yake ya kuielewa kazi hii. Mwaka 1986, mtaalamu Mfaransa Roger Bour alieleza kwa mara ya kwanza aina ya kobe iliyopatikana Loiyangalani. Kobe huyo mdogo, kwa jina la kisayansi Pelusios broadleyi, hajulikani kuishi popote nje ya bonde la Ziwa Turkana. Sehemu ya mbele ya gamba lake la tumboni ina bawaba, hivyo anapotishwa hujifungia ndani kama mtu aliyefunga mlango. Ziwa hilo pia lina kobe mkubwa mwenye gamba laini na pua ndefu. Wote wawili wameorodheshwa kimataifa kuwa hatarini.

Kazi ya nyanjani huanza na vibali. Wanyamapori wako chini ya Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013, na hakuna mtu anayeruhusiwa kuwakamata kwa sababu tu ni mwanafunzi. Kobe akishanaswa, hupimwa uzito na urefu wa gamba, na jinsia yake hutambuliwa; kwa kawaida dume huwa na mkia mrefu na mnene zaidi. Macho, mdomo na ngozi hukaguliwa. Damu inayochukuliwa haizidi asilimia 1 ya uzito wake, yaani chini ya mililita 5 kwa kobe wa gramu 500. Kisha hutiwa alama ndogo ukingoni mwa gamba na kurudishwa palepale alipokamatwa. Akinaswa tena miaka ijayo, itajulikana kama amekua, amedhoofika au amehama.

Umuhimu wa takwimu hizo ulionekana Australia mwaka 2015. Kobe wa mto Bellinger, ambao hawapatikani kwingine kokote, walikufa kwa mamia katika muda wa wiki chache. Baadaye ilibainika kuwa chanzo kilikuwa virusi vilivyokuwa havijulikani. Waliokufa wengi walikuwa watu wazima, na kwa kuwa kobe huchukua miaka mingi kufikia umri wa kutaga, pengo hilo halizibwi upesi. Mnyama anayeishi katika ziwa moja tu hana akiba mahali pengine.

Kwa wavuvi, hatari iliyo karibu zaidi ni nyavu. Kobe huvuta hewa kama sisi. Akinaswa chini ya maji kwa muda mrefu, hufa maji. Wakazi wanashauriwa yafuatayo:

• Kagua nyavu mara kwa mara, na mtoe kobe bila kumvuta shingo wala miguu.

• Kobe aliyelegea huenda hajafa. Mweke kivulini, kichwa kikielekea chini kidogo, mfunike kwa kitambaa chenye unyevu na umwachie masaa kadhaa. Usimtupe majini kabla hajaanza kujisogeza.

• Nawa mikono kwa sabuni baada ya kumshika. Kobe anaweza kubeba bakteria wa salmonela bila kuugua. Marekani ilipiga marufuku uuzaji wa kobe wadogo mwaka 1975 kwa sababu watoto walikuwa wakiambukizwa. Kwa hiyo, asifugwe nyumbani.

• Ukiona kobe wengi wamekufa au wana vidonda, usiwaguse. Ripoti kwa BMU yako, ofisi ya mifugo iliyo karibu au Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS).

• Ukimwona kobe mwenye alama ukingoni mwa gamba, usimchukue. Toa taarifa ya mahali na siku ulipomwona.

Mwanafunzi hukaa ziwani kwa wiki chache tu, lakini mvuvi yuko hapo mwaka mzima. Taarifa yake ya mapema ndiyo inayoweza kumfikisha daktari ufuoni wakati bado kuna kobe wa kutibiwa.