Kunakili Programu za Kompyuta Bila Idhini: Hukumu Yake Katika Fiqhi

Sifa njema zote ni za Allah (S.W.), Mola wa walimwengu. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na maswahaba zake. Amma baad.

Ndugu msomaji, yapo masuala ambayo vitabu vyetu vya fiqhi havikuyataja kwa majina yake, lakini misingi ya kuyahukumu imo humo humo. Moja kati ya hayo ni suala la programu za kompyuta. Hapa Moshi, kama ilivyo katika miji mingine ya nchi yetu, si jambo geni mtu kupeleka kompyuta yake kwa fundi, akawekewa kila programu anayoitaka kwa malipo madogo, na mwenye programu asiulizwe wala asilipwe. Kompyuta hiyo yaweza kuwa ya duka la kuchapa barua, ya mwanafunzi wa chuo, au ya madrasa. Yaweza hata kuwa ndiyo inayochapiwa hotuba ya Ijumaa ya kukemea upunjaji wa vipimo katika soko la Mbuyuni.

Watu wamebishana sana juu ya jambo hili. Wako wanaosema huo ni wizi kama wizi mwingine. Wako wanaosema elimu haina mwenyewe. Wengine husema wenye programu hizo ni matajiri wa nchi za kigeni wasio Waislamu, na wengine hutoa udhuru wa umasikini. Katika makala hii tutazipima kauli hizi kwa mizani ya sheria, kwa sababu ndani yake imo haki ya mtu mwingine, na haki ya mja haisameheki mpaka mwenyewe arejeshewe au aridhike.

Sheria ya nchi inasemaje?

Kwanza tuifahamu hali ilivyo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inazihesabu programu za kompyuta miongoni mwa kazi za maandishi, kama vile vitabu. Mtunzi ana haki ya kuruhusu au kuzuia kazi yake isinakiliwe, na haki hiyo ya kimali huendelea muda wa uhai wake na miaka 50 baada ya kufa kwake. Sheria hiyo ndiyo iliyoanzisha Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, COSOTA. Zanzibar nayo ina sheria yake ya mwaka 2003. Kwa kuwa Tanzania ilijiunga na Mkataba wa Berne mwaka 1994, kazi za watu wa nchi nyingine wanachama nazo zinalindwa hapa. Kisha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kifungu cha 24, ikaongeza kosa la kuvunja haki za ubunifu kwa kutumia kompyuta.

Baadhi ya watu huishia hapo wakasema: hiyo ni sheria ya serikali, sisi tunataka hukumu ya dini. Na tuitazame hiyo hukumu ya dini.

Je, haki hii ni mali?

Maulamaa wa zamani hawakuwa na hakimiliki kama tunavyoifahamu leo. Kitabu kilinakiliwa kwa mkono, na aliyenakili aliifanya kazi hiyo kwa jasho lake mwenyewe. Kilicholindwa kwa ukali ni nasaba ya elimu: nani amesema, na nani amepokea kutoka kwa nani. Imam Suyuti, aliyefariki mwaka 911 Hijria, aliandika risala nzima ya kumpambanua mtunzi na mwizi, dhidi ya mtu aliyechukua kazi za wengine akajinasibishia yeye. Lakini huo ni wizi wa jina. Swali letu ni la faida ya kimali.

Hapa madhehebu zimetofautiana katika asili yake. Maulamaa wa Kihanafi wamesema kuwa manfaa peke yake si mali, bali hupata thamani kwa njia ya mkataba. Jamhuri ya maulamaa, wakiwemo Mashafii, wamesema manfaa ni mali. Madhehebu ya Imam Shafii ndiyo inayofuatwa na Waislamu wengi wa Afrika Mashariki, na kwa mujibu wake mtu akiipora nyumba ya mwenzake akakaa humo mwezi mmoja kisha akairudisha ikiwa nzima, hajatoka katika dhima. Atalipa kodi ya mwezi ule, kwa kuwa amekula manfaa ya mtu.

Mwezi wa Disemba 1988, Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lilikutana Kuwait katika kikao chake cha tano. Katika azimio lake nambari 43 liliamua kuwa jina la biashara, alama ya biashara, utunzi na uvumbuzi ni haki za wenyewe, kwamba desturi ya zama hizi imezipa thamani ya kimali, kwamba sheria ya Kiislamu inazitambua, na kwamba haifai kuzivamia.

Insafu inatutaka tuseme pia kwamba hii si ijmai. Mufti Muhammad Shafi wa Pakistan, aliyefariki mwaka 1976, aliona kuwa haki ya namna hii haiuzwi wala haizuiliki. Mwanawe, Mufti Taqi Usmani, alipolitazama suala hili aliegemea upande wa kuikubali haki hiyo. Kwa hiyo anayeshika kauli ya kwanza asiitwe mzushi. Lakini kauli yenye nguvu zaidi, na inayoafikiana na misingi ya madhehebu yetu, ni ile ya Baraza.

Mfano wa mfongo

Wenzetu wa migombani wanaweza kulifahamu jambo hili kwa haraka zaidi. Katika miteremko ya Kilimanjaro, wazee wa Kichaga walichimba mifongo, yaani mifereji ya kuyatoa maji mitoni na kuyafikisha kwenye vihamba. Maji ya mto hayakuwa ya mtu. Lakini ukoo ambao mzee wao aliuchimba mfongo ulikuwa na haki yake juu ya mfongo huo. Wengine walipewa maji kwa zamu na kwa sharti la kushiriki kazi ya kuusafisha. Aliyefungua maji nje ya zamu yake alihesabiwa mkosa, ingawa maji ni neema ya Mwenyezi Mungu.

Utaratibu huo haupingani na fiqhi. Imepokewa katika Sunan ya Abu Daud kwamba Mtume (S.A.W.) amewafanya Waislamu kuwa washirika katika vitu vitatu, navyo ni maji, malisho na moto. Pamoja na hayo, Imam Nawawi katika Minhaj, mlango wa kuhuisha ardhi mfu, amepambanua. Maji ya mabonde na mito ni halali kwa watu wote. Maji yaliyotekwa katika chombo yanamilikiwa. Na mfereji wa ushirika hugawiwa maji yake kwa hisa, au kwa zamu.

Basi elimu ya hesabu na ya kompyuta ni kama maji ya mto. Hana mtu haki ya kumzuia mwingine kujifunza namna programu zinavyotengenezwa, kisha akatengeneza yake. Ama programu iliyokwisha kuandikwa, ikatumia miaka na mishahara ya watu, hiyo ni kama mfongo. Aliyeichimba ana haki yake.

Hoja zinazotolewa

Hoja ya kwanza ni kwamba kuficha elimu ni haramu. Hadithi ya kumuonya mwenye kuficha elimu ni sahihi, lakini inamhusu aliyeulizwa jambo la dini linalohitajiwa akanyamaza. Kuuza kitabu si kuficha elimu, na kuuza programu ni mbali zaidi na kuficha elimu.

Hoja ya pili ndiyo yenye uzito. Wanasema: nikinakili programu, mwenyewe bado anayo na hakupungukiwa na kitu, tofauti na aliyeporwa nyumba akazuiliwa kukaa. Ni kweli kwamba qiyasi hapa si kamili. Ndiyo maana mwenye kunakili hahukumiwi kwa hadi ya wizi, na neno "mwizi" litumiwe kwa uangalifu. Lakini kukosekana kwa hadi si kuhalalika kwa kitendo. Mtunzi hauzi karatasi wala sahani ya kompyuta. Anauza idhini ya kutumia. Aliyetumia bila idhini amechukua kile kile kilichokuwa kinauzwa. Na Mwenyezi Mungu (S.W.) katika Suratun-Nisaa, aya ya 29, amekataza watu kula mali zao kwa batili, isipokuwa biashara ya kuridhiana. Mwenye programu hajaridhia.

Hoja ya tatu ni kwamba wenyewe si Waislamu. Hoja hii haina msingi. Katika Sahih Bukhari, Kitabu cha Masharti, imo habari ya Mughira bin Shuuba (R.A.). Kabla ya kusilimu alifuatana na watu, akawaua na kuchukua mali zao, kisha akaja Madina kusilimu. Mtume (S.A.W.) aliupokea Uislamu wake, lakini mali ile alijitenga nayo. Watu wale walikuwa washirikina, lakini walikuwa wamemwamini mwenzao wa safari. Na sisi tunaishi na kufanya biashara na mataifa haya kwa mikataba. Suratul-Maida imefunguliwa kwa amri ya kutimiza mikataba.

Hoja ya nne ni dharura. Tunajua bei ya baadhi ya programu hizo kwa kipato cha mwalimu wa madrasa. Lakini dharura ina masharti. La kwanza ni kuwa haizidi kiwango chake. La pili ni kuwa haibatilishi haki ya mwingine: mwenye njaa ya kufa anaruhusiwa kula chakula cha mtu, na dhima ya thamani yake inabaki. La tatu, dharura huondoka inapopatikana njia ya halali. Na njia hiyo ipo.

Programu huria na masharti yake

Mwaka 1983 Richard Stallman wa Marekani alianzisha mradi wa GNU wa kutengeneza programu ambazo kila mtu ana ruhusa ya kuzitumia, kuzichunguza, kuzinakili na kuzirekebisha. Mwaka 1991 Linus Torvalds wa Finland akaanza Linux. LibreOffice, inayofanya kazi za kuandika barua, majedwali na hesabu, ilitokana na OpenOffice mwaka 2010. Hapa kwetu, mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice kwa lugha ya Kiswahili. Hizi huitwa programu huria. Fundi aweza kuziweka katika flashi moja, akazigawa kutoka Majengo hadi Machame, wala asiwe na dhima. Na mwenye intaneti huzipakua mwenyewe; mwezi wa Agosti 2022 TTCL ilifikisha intaneti ya kasi hata kituo cha Horombo, mita 3,720 mlimani.

Wapo waliozifananisha programu hizi na wakfu. Mfano huo ni mzuri kwa upande mmoja tu. Katika madhehebu yetu mali ya wakfu hutoka katika miliki ya mtoaji, hali mtunzi wa programu huria mara nyingi hubaki na hakimiliki yake. Kwa hiyo iko karibu zaidi na ibaha, yaani ruhusa ya kutumia, iliyofungwa kwa masharti. Lakini katika jambo la masharti zinafanana. Umar bin Khattab (R.A.) alipoitoa ardhi yake ya Khaibar wakfu, aliweka sharti isiuzwe, isitolewe zawadi, wala isirithiwe. Nazo leseni nyingi za programu huria, kama ile ya GNU iliyotoka mwaka 1989, zinasema: ukiirekebisha na kuigawa, wape wengine ruhusa ile ile uliyopewa wewe, pamoja na maandishi asilia ya programu. Anayeichukua, akaifungia na kuiuza kama yake, amevunja sharti, japokuwa aliipata bure. Waislamu wako juu ya masharti yao.

Tutofautishe pia programu ya bure na programu huria. Ipo inayotolewa bure kwa matumizi ya nyumbani tu, na akiitumia mwenye duka amevuka idhini. Na wanafunzi wanaotumia Maktaba Shamila wakumbuke kuwa matini ya Imam Nawawi haina mmiliki, lakini tahkiki ya mhariri wa zama hizi ni kazi yake. Kuisoma ni jambo moja, na kuichapa upya kwa biashara ni jambo lingine.

Aliyekwisha kutumia afanye nini?

Aache, aifute, na aweke ya halali mahali pake. Akiweza kununua leseni anunue, kwani hiyo ndiyo njia iliyo wazi ya kumfikishia mwenye haki haki yake. Ama kazi aliyoiandika kwa programu hiyo, kama vile barua, masomo au hotuba, haiharibiki. Mfano wake ni swala katika ardhi iliyoporwa. Kwa Mashafii swala inasihi, na dhambi ya kuikalia ardhi inabaki.

Fundi naye atenganishe kazi zake. Kusafisha kompyuta, kubadilisha kifaa, kuondoa virusi na kuweka programu huria ni kazi halali na ujira wake ni halali. Ama kukodiwa kwa ajili ya kuweka programu isiyo na idhini ni kukodiwa kwa manfaa isiyoruhusiwa, na ujira wake haumfai. Kijana huyu asikemewe tu akaachwa. Aoneshwe njia mbadala, na apelekewe kazi za msikiti na madrasa kwa njia hiyo.

Kwa hiyo tunawanasihi maimamu na wasimamizi wa madrasa waanze na kompyuta zilizo chini ya mikono yao. Watazame kila programu iliyomo, waulize imetoka wapi na kwa idhini gani. Kompyuta ikija kwa msaada, aulizwe aliyeitoa kuhusu leseni yake. Haya yatupasa sisi kabla ya kuwausia wenye mizani sokoni.

Wallahu aalam. Wabillahi tawfiq.