Kinachozama na Kinachoelea

Ukienda Rosterman, pembezoni mwa mji wa Kakamega, utawakuta akina mama wameinamia makarai. Wanatia mchanga wa mawe yaliyopondwa, wanaongeza maji, wanazungusha polepole. Mchanga mwepesi unamwagika ukingoni, na chini ya karai, siku ikiwa ya heri, vinabaki vijipunje vya dhahabu vidogo kuliko mbegu ya wimbi. Mgodi mkubwa wa enzi za ukoloni ulichimbwa hapa kuanzia mwaka 1935 hadi 1952. Mgodi ulifungwa, karai halikufungwa.

Ni huko huko Rosterman taka za mji zinakomwagwa.

Mama mwenye karai anajua jambo ambalo wengi wetu wa mjini tumelisahau: kitu cha thamani kikikorogwa na kisicho na thamani, vyote viwili huonekana uchafu. Yeye kazi yake ni kuvitenga. Sisi wa mitaa ya mji huu, Amalemba, Maraba, Kefinco na Lurambi, kila siku tunafanya kinyume chake. Tunachukua maganda, karatasi, chupa na kopo, vitu ambavyo dakika moja iliyopita vilikuwa mbalimbali, tunavisukumiza ndani ya gunia moja. Tukiambiwa habari za taka, aghalabu tunaambiwa tusitupe ovyo. Ni kweli, lakini kutupa ovyo ni kosa la mwisho. La kwanza limeshatendeka jikoni.

Jaribu hili nyumbani. Chukua chupa tupu ya maji ya dukani, ukate kipande kwa makasi, kisha ukate kipande cha kifuniko chake. Vitie vyote viwili katika beseni la maji na uvisukume chini kwa kidole ili viputo vya hewa vitoke. Cha chupa kitatulia chini ya beseni. Cha kifuniko kitapanda na kuelea. Chupa ni plastiki iitwayo PET, ile yenye namba 1 ndani ya pembetatu kitakoni, na mililita moja yake ina uzito wa gramu 1.38 hivi, kupita maji. Kifuniko ni plastiki ya aina nyingine, kwa kawaida namba 2 au 5, nyepesi kuliko maji. Viwanda vinavyochakata plastiki huzitenganisha namna hii hii, kwa matangi ya maji. Ni karai la Rosterman, ila kubwa.

Kwa nini wajisumbue? Kwa sababu PET huyeyuka kwenye joto la karibu nyuzi 250 za Selsiasi, na namba 2 huyeyuka kwenye nyuzi 130 hivi. Ukizipika pamoja unapata rojo isiyofaa chupa wala ndoo. Ndiyo maana mnunuzi wa plastiki kuukuu anataka mzigo uliochaguliwa, tena mkavu. Chupa iliyolala usiku kucha ndani ya gunia pamoja na makombo ya ugali na maji ya mrenda imekwisha kupunguziwa bei kabla hata haijatoka mlangoni.

Lakini plastiki, pamoja na kelele zake zote, si sehemu kubwa ya ndoo. Imwage ndoo ya jikoni juu ya gunia uone. Maganda ya viazi na ndizi, mabua ya sukuma wiki, majani ya chai, magunzi ya mahindi, maganda ya mayai, wali uliochacha. Sera za taifa kuhusu taka zinakadiria kwamba asilimia 60 hadi 70 ya taka za miji ya Kenya ni za kuoza. Yaani zaidi ya nusu ya uzito unaobebwa na mkokoteni au lori ni chakula cha udongo ambacho udongo haukipati.

Sikubali wanaosema watu wetu hawana elimu ya taka. Mtu aliyelelewa kijijini, Shinyalu au Malava, hakufundishwa na semina kwamba maganda ni ya ng'ombe, makombo ni ya kuku, majivu na taka za kufagia ni za migomba. Alikua akiona. Tatizo lilianza alipohamia ploti yenye vyumba kumi, bomba moja na uwanja wa saruji. Migomba haipo, kwa hiyo ganda likageuka taka. Maarifa anayo bado. Alichokosa ni mahali pa kuyatumia.

Ganda hilo likifika jaani hufukiwa chini ya mengine na kukosa hewa. Bakteria wanaohitaji oksijeni hufa, na nafasi yao huchukuliwa na wale wasioihitaji, ambao hutoa gesi ya methani. Kwa kipimo cha miaka 100, methani hunasa joto la angani kiasi cha mara 28 kuliko kabonidayoksaidi ya uzito ule ule. Juu ya lundo hilo la taka hunyesha mvua, na Kakamega hupata karibu milimita 2,000 kwa mwaka. Maji yanapenya katikati ya lundo, yanaosha uozo, betri za tochi na chochote kingine, yanatokea chini yakiwa meusi na yenye kunuka. Maji ya eneo hili huelekea mto Isiukhu, kisha Nzoia, hatimaye Ziwa Victoria. Lundo lililolowa pia halishikani. Mwezi wa Agosti 2024, baada ya mvua kubwa, jaa la Kiteezi karibu na Kampala, Uganda, liliporomoka juu ya nyumba na kuua watu zaidi ya 30.

Wengine, kwa kuchoka kungoja lori, huwasha moto uani jioni. Moto wa namna hiyo hauna joto wala hewa ya kutosha kuunguza plastiki ikaisha. Plastiki zenye klorini, kama vile mabomba ya PVC na ngozi ya nyaya za umeme, zikiungua hivyo huzaa dayoksini, sumu inayokaa katika mafuta ya mwili kwa miaka. Kuku hudonoa kwenye majivu. Mwaka 2005 mashirika ya mazingira yalipima mayai ya kuku waliofugwa karibu na jaa la Dandora, Nairobi, yakakuta dayoksini kupita kiwango kinachoruhusiwa na Umoja wa Ulaya. Sisi ambao kwetu mgeni hajakaribishwa mpaka achinjiwe kuku tuna sababu ya pekee ya kuuogopa moshi huo.

Maganda yakitengwa, kazi iliyobaki ni nyepesi. Biwi la mboji linataka vitu vibichi vichanganywe na vikavu: majani makavu, magunzi yaliyopondwa, unga wa mbao, karatasi zisizong'aa. Viumbe wanaoozesha huhitaji sehemu 25 hadi 30 za kaboni kwa kila sehemu moja ya nitrojeni, na vitu vikavu ndivyo vyenye kaboni nyingi. Kwa mvua zetu, lifunike kwa majani ya migomba. Chomeka kijiti kirefu katikati, na baada ya siku chache kichomoe ukishike. Kikiwa cha moto, bakteria wako kazini. Biwi zuri hufika nyuzi 55 na kuendelea, joto linaloua mbegu za magugu na vijidudu vingi vya maradhi. Kikiwa baridi na kikavu, nyunyiza maji. Kikinuka, geuza biwi ili hewa iingie. Mashamba mengi ya magharibi mwa Kenya yana udongo wenye asidi na uliochoka, na mboji ni dawa yake mojawapo.

Nepi za kutupa bado hazina njia nzuri, na kwa hizo jaa litaendelea kuhitajika. Lakini jaa la nepi na vitu vichache si sawa na jaa la kila kitu.

Sheria ipo. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inataka taka zitenganishwe pale zinapozalishwa, za kuoza kando na zisizooza kando. Tunajua pia kwamba tabia hubadilika. Tarehe 28 Agosti 2017 Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, kwa adhabu ya faini ya shilingi milioni 2 hadi 4 au kifungo. Mahubiri peke yake hayakutufikisha pale. Mfuko uliondoka dukani, tukarudia kikapu. Kutenganisha taka nako hakutashika kwa mabango. Mahali ambapo mama ametenga ndoo mbili, kisha akaona zote zinamwagwa kwenye lori moja, hatarudia wiki ijayo, na hana kosa.

Basi msomaji, weka ndoo ya pili jikoni leo, ya maganda peke yake. Kama una hata mita mbili za ardhi, anza biwi. Kama huna, zungumza na majirani wa ploti na mwenye nyumba kuhusu kona ya pamoja, au na mfugaji wa karibu. Na mwenye mkokoteni au lori akija, mwulize: hii ya maganda inakwenda wapi? Akikosa jibu, lipeleke swali hilo kwa mwakilishi wa wadi yako, kwa maana Katiba ya 2010 imeikabidhi kaunti kazi ya kuzoa taka.